Nambis: Jina la Mji na Bei ya Nguzo



Mtu atokaye mjini Mbulu kwenda Nambis haoni mahali mji unapokoma. Huona mahindi, maharage, ng'ombe, na nyumba zilizotawanyika, kila moja katikati ya shamba lake. Hata hivyo kata ya Nambis imo ndani ya Halmashauri ya Mji wa Mbulu, iliyoundwa mwaka 2015 ilipotengwa na Halmashauri ya Wilaya. Katika daftari za serikali, mkulima wa Nambis akawa mtu wa mji. Jembe lake halikupata habari hiyo.

Jambo hili lingekuwa dogo kama jina lingebaki kwenye kibao cha ofisi. Lakini jina huja na bei. Kwa kipindi fulani kuunganishiwa umeme kulilipiwa shilingi 27,000, mjini na kijijini sawasawa. Januari 2022 bei za mijini zikapandishwa: shilingi 320,960 kwa nyumba iliyo ndani ya mita 30 isiyohitaji nguzo, 515,618 kwa ihitajiyo nguzo moja, na 696,670 kwa nguzo mbili. Vijijini ikabaki 27,000.

Yafaa hesabu hiyo ifanywe polepole, kama ifanywavyo ubaoni. Nyumba ya nguzo mbili iliyohesabiwa kuwa ya mji ilitakiwa kulipiwa zaidi ya mara 25 ya nyumba ya kijijini. Na ni nani ahitajiye nguzo mbili? Si mwenye duka sokoni, ambaye waya unapita karibu na paa lake. Ni mkulima aliyejenga mbali na barabara, yaani yule yule ambaye maisha yake yote ni ya kijiji. Bei iliyokusudiwa wakazi wa mji ilikuwa nzito kuliko zote kwa mtu aliye wa mji kwa jina tu.

Haki itendeke pia kwa upande wa pili. Nguzo, waya na mita hugharimu zaidi ya shilingi 27,000, na shirika likitoza chini ya gharama, maombi hurundikana na vifaa huadimika. Hoja hiyo ina uzito. Lakini haijibu swali la kata zilizo mashamba ndani ya mipaka ya mji, swali ambalo wabunge wa majimbo ya namna hiyo wameliuliza bungeni zaidi ya mara moja.

Katika maji hadithi ni ndefu zaidi. Mwaka 1971 taifa lilijiwekea shabaha ya miaka 20, kwamba ifikapo 1991 kila mwananchi wa kijijini apate maji safi ndani ya mita 400. Mwaka ulifika, shabaha haikufika, na sera ya 1991 ikaanza kumtaka mwananchi achangie gharama. Sheria ya 2019 ikaunda RUWASA kwa ajili ya maji ya vijijini, wakati miji ina mamlaka zake. Hivyo bomba likipasuka, akaaye mpakani mwa mji na shamba hana budi kuuliza kwanza abishe hodi mlango upi.

Wapo wasemao kwamba, kwa kuwa Halmashauri haipangi bei ya umeme, haihusiki. Hao wasome historia. Halmashauri ziliondolewa kwa mpango wa Madaraka Mikoani ulioanza 1972. Huduma za miji zikachakaa, na kipindupindu kilicholipuka 1977 hakikusubiri maelekezo kutoka mkoani. Za miji zikarudishwa 1978, za wilaya 1984. Zilirudishwa kwa sababu mtaro ulioziba huonwa kwanza na aishiye kando yake, naye anahitaji chombo kilicho karibu cha kupeleka neno lake.

Ni kweli kwamba bei za nishati na maji hupitiwa na EWURA, ambayo huitisha taftishi na kusikiliza wahusika. Lakini taftishi haifanyiki shambani, na mkulima mwenye mahindi ya kupalilia hasafiri kwenda kuisikiliza. Baraza la madiwani haliwezi kuandika bei. Laweza kuandika kwamba kata fulani ni mashamba, na likaonyesha kwa takwimu. Manung'uniko ya kilabuni hayajawahi kufika wizarani. Jedwali lenye idadi ya kaya na umbali wa nguzo hufika.

Jedwali hilo ndilo linalokosekana, na kulitengeneza hakuhitaji mtaalamu kutoka Dodoma. Mwalimu wa hesabu anayefundisha vipimo ana wanafunzi wanaotoka karibu kila nyumba katani. Kwa kamba iliyopimwa, darasa moja laweza kupata umbali kutoka nguzo ya mwisho hadi kila mlango, na kutoka kila mlango hadi bomba la karibu. Mtendaji wa kata ana mihuri na kumbukumbu za mikutano. Diwani ana kiti katika baraza. Orodha ikisomwa mbele ya wakazi, ikasahihishwa nao, kisha ikaingizwa katika muhtasari wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, afisa atakayeulizwa kwa nini Nambis ihesabiwe kuwa mji atakuwa na karatasi mezani pake ya kujibu, mita kwa mita.