Ufunguo wa Wimbo Uko kwa Nani?

Viongozi wa vikundi, tafadhali andikeni ubaoni maneno haya matatu: kununua, kufuli, ufunguo. Wanafunzi, yasomeni kwa sauti. Vema. Sasa sikilizeni.

Zamani mtu akinunua santuri dukani, santuri ile ilikuwa mali yake. Aliweza kuipiga kwa kinanda chake au kwa kinanda cha jirani. Hata duka likifungwa, santuri ilibaki kwake, naye aliendelea kuisikiliza.

Siku hizi mtu aweza kununua wimbo asioweza kuushika kwa mkono. Hulipa fedha, na wimbo humjia kwa njia ya intaneti mpaka ndani ya kompyuta au simu yake. Leo nitawaeleza yaliyowapata watu wa Marekani walionunua nyimbo kwa njia hiyo.

Mwaka 1999 huko Marekani ilitokea programu iitwayo Napster. Kwa programu hiyo watu wengi sana walipeana nyimbo bure. Wenye nyimbo hawakupata hata senti moja. Hii haikuwa haki, maana mwimbaji naye hula kwa jasho lake. Kwa hiyo kampuni za muziki zikataka kila wimbo unaouzwa kwa intaneti utiwe kufuli.

Je, ni kufuli gani hilo? Si la chuma. Wimbo huandikwa kwa mafumbo, na kompyuta haiwezi kuyafumbua bila ufunguo. Ufunguo wenyewe ni tarakimu za siri zitolewazo na duka. Asiyepewa ufunguo hasikii kitu.

Tarehe 28 Aprili 2003 kampuni ya Apple ilifungua duka la nyimbo za namna hii. Bei ya wimbo mmoja ilikuwa senti 99 za dola. Mnunuzi aliruhusiwa kuupiga katika kompyuta 3, wala si zaidi. Akitaka kutembea nao mfukoni, ilimpasa awe na iPod, yaani chombo cha Apple yenyewe.

Kampuni ya Microsoft nayo iliuza nyimbo, katika duka lililoitwa MSN Music. Mwezi wa Novemba 2006 ikatoa chombo chake kipya cha kupigia muziki, jina lake Zune. Ajabu ni kwamba Zune haikuweza kupiga nyimbo zilizonunuliwa MSN Music! Muuzaji ni yule yule, lakini makufuli mawili.

Halafu, mwezi wa Aprili 2008, wanunuzi wa MSN Music waliletewa barua. Waliambiwa kwamba baada ya tarehe 31 Agosti mwaka ule, hawatapewa tena funguo za kompyuta mpya. Maana yake ni hii: kompyuta yako ikifa, ukanunua nyingine, nyimbo zako hazitasikika humo. Fedha umelipa, wimbo unao, lakini ni bubu. Watu walinung'unika sana, na kampuni ikaongeza muda mpaka mwisho wa mwaka 2011.

Sasa fikirini. Aliyeiba wimbo hakupata taabu hii, kwa sababu wimbo wa wizi hauna kufuli. Taabu ilimpata yule aliyelipa. Tena sheria ya Marekani ya mwaka 1998 ilimkataza kulivunja kufuli hilo.

Mwishowe wauzaji waliona kwamba kufuli linawaudhi wanunuzi waaminifu. Mwezi wa Januari 2009 Apple ilitangaza kuyaondoa makufuli katika nyimbo zote inazouza: nyimbo milioni 8 siku ile ile, na milioni 2 zilizobaki miezi michache baadaye.

Je, mambo yamekwisha? La. Siku hizi watu wengi hulipa kila mwezi ili wasikilize nyimbo katika simu. Huko si kununua, ni kupanga, kama mtu apangavyo chumba. Kodi ikikoma, mlango hufungwa, hata kwa nyimbo ulizokwisha kuziweka katika simu yako. Kupanga si vibaya, ila ni lazima ujue kwamba umepanga.

Basi, kabla ya kutoa fedha, uliza mambo matatu. Je, nanunua au napanga? Je, naweza kukihamisha kitu hiki katika chombo kingine? Je, duka likifungwa, nitabaki na nini? Msiulize kwa nyimbo tu. Ulizeni pia kwa vitabu na picha za sinema ziuzwazo kwa intaneti.

Sasa zungumzeni darasani, kisha kila mtu aandike majibu yake daftarini:

1. Kwa nini kampuni za muziki zilitaka makufuli?
2. Nani aliumizwa na makufuli hayo, mwizi au mnunuzi? Eleza sababu.
3. Kununua na kupanga kuna tofauti gani?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.