Mafunzo ya Uboreshaji wa Ubora wa Huduma: Nani Afundishwe, na Afundishwe Wapi?

Mada kwa semina ya waratibu wa ubora wa huduma za afya ngazi ya halmashauri



Kamati ya maandalizi imeniagiza nianze na dhana. Nitazipitia mbiombio, maana wengi wenu ndio mnaozifundisha. Donabedian alishatupa mgawanyo wake wa ubora wa huduma mwaka 1966: muundo, mchakato na matokeo. Mzunguko wa Panga, Tenda, Kagua, Rekebisha mnaujua. S tano, yaani Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia, tunazikuta kwenye kuta za hospitali zetu. Hospitali ya Rufaa Mbeya ilianza kuzijaribu mwaka 2007. Dhana ziishie hapo.

Shida yetu inaanzia kwenye barua ya mwaliko wa mafunzo. Inafika kituoni ikitaka majina mawili, na posho ya kujikimu imetajwa humo humo. Mganga mfawidhi anamteua ambaye hajasafiri robo hii, au anakwenda mwenyewe. Simlaumu. Mishahara tunaijua, na mkunga aliye peke yake kwenye zamu ya wodi ya wazazi hawezi kuondoka siku tano. Kwa hiyo anayehitaji mafunzo hasa ndiye anayebaki. Aliyekwenda anarudi na cheti, makabrasha yanaingia kabatini, na mara nyingi uhamisho unamkuta kabla hajawaonyesha wenzake chochote.

Tuchukue mfano wa patografu, chati ya kufuatilia uchungu wa mama. Mapigo ya moyo wa mtoto yanatakiwa kusikilizwa na kuandikwa kila nusu saa. Katika hospitali moja ya wilaya nilikuta chati zenye wino ule ule na mwandiko usioyumba, 140, 140, 140, tangu njia ilipofunguka sentimita nne hadi mama alipojifungua. Zilijazwa mtoto akiwa ameshazaliwa, ili usimamizi shirikishi ukija faili lionekane limekamilika. Wakunga wale wanaijua patografu; wape mtihani, watafaulu. Kuwaita tena semina kuwaeleza umuhimu wake ni kupoteza fedha ya serikali. Tulipoketi nao mezani, mafaili yao yakiwa mbele yetu, mmoja akasema dopla ya kusikilizia mapigo hufungiwa ofisini jioni isije ikapotea. Saa nane za usiku, wenye uchungu wanne, ufunguo anao mkuu wa wodi nyumbani kwake! Hakuna slaidi ambayo ingelifichua hilo.

Bila kunyooshea kidole ofisi yoyote, napendekeza yafuatayo.

Mafunzo yafanyike kituoni, muda mfupi baada ya makabidhiano ya zamu, kwa mafaili ya wodi husika. (Najua tumekutana hotelini.) Wafundishwe wote walio kazini, mhudumu wa afya na mtu wa maabara wakiwemo, badala ya mwakilishi. Fedha ya ukumbi imlipie mkufunzi nauli ya kurudi mara kwa mara, na asiyerudi asihesabiwe kuwa amefundisha. Kila timu ichague tatizo moja tu na ilipime yenyewe kabla ya kutuma takwimu za MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya) wilayani.

Usimamizi shirikishi uache kuadhibu chati yenye mapengo. Pengo linatuambia zamu ilielemewa; chati iliyojazwa baadaye haituambii kitu. Halmashauri zisimhamishe mkunga aliyefundishwa kabla ya kuthibitisha nani anabaki na ujuzi huo. Vyuo viwapeleke wanafunzi kwenye vikao vya timu hizi wakiwa mafunzoni kwa vitendo.

Narudia, maana najua azimio hili ndilo hupunguzwa makali wakati wa kuandika taarifa: mafunzo yafanyike kituoni. Naomba liandikwe leo kabla ya ufungaji, likitaja halmashauri itakayoanza, wodi, na tarehe ambayo mkufunzi atarudi.