Usingizi na Utulivu wa Akili



Mimi ni mfanyabiashara, si tabibu. Nitasema yaliyonipata.

Duka langu la Kigongo liliishi kwa foleni ya kivuko. Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025 nilishangilia pamoja na wenzangu, lakini magari yakawa yanapita bila kusimama. Nikaanza kuamka saa nane za usiku kuhesabu madeni, nisipate lepe la usingizi hadi alfajiri. Baada ya miezi kadhaa niliamini kwamba kijana wangu wa dukani ananiibia. Wateja wakicheka, nilidhani wananicheka mimi. Siku moja nikamfukuza kijana yule mbele za watu. Binti yangu alipokagua daftari, haikupotea hata shilingi, nilikosea kujumlisha.

Daktari aliniuliza kwanza nalala saa ngapi. Tumezoea kusema kuwa mawazo huondoa usingizi, na ni kweli. Ila kukosa usingizi nako huzaa mawazo. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, walitangaza matokeo ya uchunguzi wa wanafunzi 3,755 wenye shida ya usingizi. Waliopewa tiba ya usingizi kwa njia ya intaneti, bila vidonge, walipungukiwa pia na huzuni, wasiwasi na shuku zisizo na msingi. Shuku! Neno hilo lilinichoma.

Niliagizwa kuamka saa ile ile kila siku, hata usiku ukiwa mbaya; nisisinzie kaunta mchana; usingizi ukikataa, niondoke kitandani mpaka unirudie; na chai ya jioni niiache, adhabu kubwa kwa Mgujarati. Wiki za mwanzo zilinitesa, kisha nikaanza kulala. Bhagavad Gita, sura ya sita, hutuasa tusizidishe usingizi wala kuupunguza mno. Nimeisikia tangu utotoni, nikaielewa uzeeni.

Majirani zetu wavuvi wa dagaa hukesha ziwani na taa zao, kwa hiyo mchana ndio usiku wao. Naiomba kamati ikumbuke hilo inapopanga vipaza sauti vya sherehe.

Nilikwenda kwa yule kijana nikamwomba radhi mbele ya mama yake. Alinyamaza muda mrefu, ndipo akaitikia. Sasa amerudi kazini, na daftari analishika yeye.