Baada ya Utepe Kukatwa: Hisani na Maisha ya Vyuo Magharibi ya Nile



Nimetakiwa niseme juu ya hisani, yaani ni nani huvipa vyuo vyetu, huvipa nini, na kile kinachotolewa humfikiaje kijana alalaye bwenini. Ni desturi katika mihadhara ya namna hii kuanza kwa kuwataja wahisani mmoja mmoja na kuwashukuru, jambo la adabu ambalo silipingi. Lakini mimi nitaanza na mhisani ambaye aghalabu jina lake halichongwi katika jiwe la msingi, naye ni ukoo uliotoa ardhi.

Nchi yetu hii ya Magharibi ya Nile, iliyokuwa mikononi mwa Mfalme Leopold wa Ubelgiji hata alipofariki mwaka 1909, kisha ikatawaliwa kutoka Sudan, na mwaka 1914 ndipo ikaunganishwa na Uganda, imebaki kwa sehemu kubwa kuwa nchi ya ardhi ya mila, na Katiba ya mwaka 1995 imeutambua umiliki huo. Basi popote muonapo shule, zahanati au chuo, jueni kwamba kabla ya tofali la kwanza kulazwa walikuwako wazee waliokubali kuhamisha mashamba yao, na wengine makaburi ya baba zao, kwa ahadi ya mdomo kwamba watoto watasoma. Ukarimu huo haukukoma zamani: wakimbizi wa makazi ya Bidibidi, waliopokewa tangu mwaka 2016, na wale wa Lobule hapa Koboko, wamekaa juu ya ardhi ya wenyeji.

Yuko pia mhisani wa pili asiyetajwa, naye ni kibarua. Katika enzi ya ukoloni, Walugbara na jirani zao walihesabiwa kuwa akiba ya askari na vibarua. Waliokwenda katika jeshi la kikoloni la Keya walirudi na Kiswahili hiki tunachosemezana, na waliokwenda Lugazi na Kakira kukata miwa walirudi na blanketi na fedha kidogo. Wakfu wa Muljibhai Madhvani, ulioanzishwa mwaka 1962 na jamaa wenye kiwanda cha Kakira, umesomesha vijana wengi wa Uganda katika sayansi na ufundi, na fadhila hiyo si ya kubezwa. Nasema tu kwamba mwanafunzi wa Koboko apatapo ufadhili huo asiinamishe kichwa kana kwamba amepewa sadaka, maana yamkini babu yake alikwisha kuweka jasho lake katika mfuko ule ule.

Sasa niingie katika kisa ambacho kwa maoni yangu kina mafundisho kuliko vyote. Mwezi wa Februari mwaka 1974, katika mkutano wa wakuu wa nchi za Kiislamu uliofanyika Lahore, Pakistan, ambao Rais Idi Amin, Mkakwa wa asili ya Koboko, alihudhuria, lilikatwa shauri kwamba vijengwe vyuo vikuu viwili vya Kiislamu katika Afrika, kimoja Niger kwa wasemao Kifaransa na kimoja Uganda kwa wasemao Kiingereza. Serikali ya Amin ikaanguka mwaka 1979, watu wetu wakakimbilia Kongo na Sudan, na shauri lenyewe likalala. Hata mwaka 1988 ndipo Chuo Kikuu cha Kiislamu kikafunguliwa huko Mbale, kikiwa na wanafunzi 80 tu, nacho leo kina tawi lake mjini Arua.

Mengi yaweza kusemwa juu ya chuo hicho, lakini mimi nataka mtazame jengo moja ambalo wala haliko chuoni. Katika barabara kuu ya Kampala limesimama jengo liitwalo King Fahd Plaza, lenye jina la mfalme wa zamani wa Saudia, nalo ni mali ya chuo. Hamna darasa la kujivunia humo. Mna maduka na ofisi, na wapangaji hulipa kodi. Huu ndio wakfu kama wajuavyo watu wa pwani kwa karne nyingi: shina la mali hufungwa, haliuzwi wala halirithiwi, na matunda yake ndiyo hutumiwa. Mhisani aliyejenga bweni amewalaza wanafunzi kwa muda wa uhai wa bati lake. Aliyejenga duka na kuliweka wakfu kwa ajili ya bweni amelinunulia bati jipya kila linapochakaa, hata baada ya yeye mwenyewe kufariki na wanawe kusahau.

Hapana budi nikiri kwamba hata makusudi ya mhisani hugeuzwa na wakati. Chuo cha Elimu ya Waislamu cha Mombasa, kilichopokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1951 kwa michango ya Sultani Khalifa bin Harub wa Zanzibar, ya Aga Khan, ya Mabohora na ya serikali ya Uingereza, kilikusudiwa vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki nzima. Leo ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, na milango yake i wazi kwa kila dini. Wako wanaosikitika kwa hilo. Mimi simo.

Na mkopo tusiuite zawadi. Chuo Kikuu cha Muni, kilichoanza mwaka 2013 chini ya marehemu Profesa Christine Dranzoa, mwanamke mtaalamu wa elimu ya wanyama aliyekuwa Makamu Mkuu wake wa kwanza, kilipata sehemu yake katika mradi wa elimu ya juu na sayansi uliogharimiwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika. Fedha hizo zilikopeshwa serikali ya Uganda, na mkopo hulipwa, naye muuza nyanya wa sokoni Arua ni mmoja wa walipaji. Hata hivyo afadhali mkopo uliofikiriwa kuliko zawadi isiyofikiriwa. Kumpa mtu kompyuta katika mji kama Arua ambao, hadi mtambo wa umeme wa maji wa Nyagak ulipoanza kazi mwaka 2012, uliishi kwa majenereta ya mafuta, bila kumpa njia ya kuiwasha wala fundi wa kuitengeneza, ni kumpa sanduku la kutunza vumbi.

Nije jikoni, maana huko ndiko masomo mengi hufia. Mpango wa serikali wa mikopo ya wanafunzi, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2014, hulipa karo, ada za chuo na za utafiti, na vifaa vya wenye ulemavu. Chakula na malazi humwachia mwanafunzi mwenyewe. Kwa upande wa wakimbizi, uko ufadhili wa DAFI, ambao tangu mwaka 1992 Ujerumani imeugharimia kwa sehemu kubwa kupitia shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, nao hauishii kwenye karo bali humpa msomi posho ya kula na kulala, ingawa nafasi zake ni chache na wenye kuziomba ni wengi. Basi yaweza kutokea kwamba kijana mkimbizi aliyebahatika na mwenzake mwenyeji wamekaa dawati moja, mmoja ana posho ya mwezi, na wa pili amekopeshwa karo lakini si uji wa asubuhi wala malazi. Hawa wasigombanishwe. Aliyetunga ufadhili wa DAFI alijua kwamba mtu hasomi kwa tumbo tupu, na elimu hiyo ndiyo tuiige.

Kwa hiyo ombi langu ni kwenu wafanyabiashara, mnaopeleka mizigo Juba na kununua Ariwara upande wa Kongo, na ambao kila mwaka mnachangia harusi na mazishi kwa moyo mweupe. Jengeni pamoja safu moja ya vyumba vya biashara hapa Koboko na nyingine Arua, ziwe wakfu wa jiko na malazi ya wanafunzi wa vyuo vyetu, bila kuuliza kabila wala dini. Wakatoliki wa Ediofe na Waanglikana wa Mvara wana njia zao za kisheria za kuweka amana kama hiyo, na neno wakfu lisiwatishe. Hati isajiliwe kabla ya msingi kuchimbwa. Wasimamizi wawe wachache, wabadilishwe kwa zamu, na mwanafunzi mmoja awe miongoni mwao. Hesabu zisomwe hadharani kila mwaka, kwa Kilugbara, Kikakwa na Kiswahili. Na mpangaji akiwa shemeji wa msimamizi, alipe kodi kama wengine, tarehe ile ile.