Deni, Kodi na Pagale: Hesabu ya Kuhama Nyumba

Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani



Kamati ya maandalizi iliponiandikia, iliniachia nichague mada mwenyewe, ila ikaongeza kwamba isiwe siasa na isiwe ndefu. Nimechagua madeni ya nyumbani. Najua kwamba katika mikutano ya namna hii aghalabu tunaelezana vyeo, magari na watoto waliofaulu. Lakini jana usiku pale bwaloni, baada ya chakula, nimewasikia wenzangu wasiopungua watano wakiulizana kwa sauti ya chini swali moja: mtu aliyebanwa na madeni ahame nyumba anayopanga, au avumilie? Swali hilo mimi na mke wangu tulilijibu mwaka 2022. Ningependa kuwaeleza tulivyolijibu, na nitaeleza kwa tarakimu, maana bila tarakimu mazungumzo ya deni hugeuka kuwa maombolezo. Waliokuwa wakikimbia kipindi cha hisabati wavumilie kidogo.

Tuanze na mshahara. Tuchukue wa shilingi 1,000,000 ili hesabu iwe nyepesi. Mfuko wa hifadhi ya jamii unachukua asilimia 5, yaani 50,000. Bima ya afya 30,000. Kodi ya mapato, kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, ni 115,500. Kwa sisi tuliosomeshwa chuo kikuu kwa mkopo, Bodi inakata asilimia 15 ya mshahara, yaani 150,000. Mnakumbuka kwamba wengi wetu tulianza kukatwa asilimia 8, na mwaka 2016 ikapanda hadi 15 bila mshahara kupanda pamoja nayo. Ahueni ilikuja mwaka 2021, ilipofutwa ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani, ambayo ilifanya deni livimbe huku unalilipa. Jumlisha makato yote hayo: mwenye milioni moja amebaki na 654,500 kabla hajakopa senti kokote.

Sasa anaingia benki. Kanuni ya theluthi moja kila mtumishi wa umma anaijua: makato yasile theluthi ya mwisho ya mshahara, ambayo hapa ni 333,333. Maana yake benki inaona nafasi ya kumkata hadi 321,000 na kitu kila mwezi, naye anaambiwa kwamba “anakopesheka”. Ndugu zangu, neno hilo lina utamu wake, lakini halisemi kwamba utakula nini. Ile theluthi ni kikomo cha mkopeshaji. Bajeti ya nyumba yako iko mbali na hapo.

Mkopo wetu mkubwa wa benki tuliuchukua mwaka 2020, wa miaka saba, kwa ajili ya kununua kiwanja Chanika na kuinua kuta. Mkopo wa shilingi 10,000,000 kwa riba ya asilimia 17 kwa mwaka unakatwa kama 204,000 kila mwezi. Katika makato ya mwezi wa kwanza, 141,000 na zaidi ni riba, na 62,000 tu ndizo zinazopunguza deni. Baada ya miaka miwili umekwisha kulipa zaidi ya 4,900,000, nalo deni limepungua kwa 1,780,000 hivi. Hapo ndipo afisa mikopo anapokupigia simu kwa heshima zote akuambie kwamba unaweza kuongezewa. Ukikubali, ile miaka saba inaanza upya, na unarudi kwenye miezi ya kulipa riba. Ninao wenzangu ofisini ambao tangu waajiriwe hawajapata kuuona mwaka wa tano wa mkopo wowote.

Hata hivyo mkopo wa benki haukuwa ndio uliotunyima usingizi. Marehemu baba aliugua ghafla na akahitaji kufanyiwa upasuaji. Sehemu ya fedha tulikopa SACCOS, jumla 1,200,000, kwa dhamana ya wenzangu wawili. Zilipopungua 600,000 nilizipata kwa mtu mmoja wa mtaani kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi, naye akashika kadi yangu ya benki. Watu huita mikopo hiyo kausha damu. Baba aliishi miaka miwili baada ya hapo, na fedha ile sijapata kuijutia. Lakini tazameni bei yake. Kila mwezi nilitoa 120,000 za riba, na zile 600,000 zikabaki pale pale. Kwa mwaka mzima hiyo ni 1,440,000. Laki sita hizo hizo zingekuwa benki, riba ya mwaka isingefika 102,000. Kwa hiyo, ukiyapanga madeni yako, usiyapange kwa ukubwa. Yapange kwa bei ya kila mwezi. Tulipofanya hivyo mezani, mimi na mwenzangu, deni dogo kuliko yote likapanda juu ya orodha.

Hapo ndipo habari ya nyumba inapoingia. Tulikuwa tumepanga Tabata, vyumba vitatu, kodi 300,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba alitaka miezi sita kwa mkupuo kama wafanyavyo wengi Dar es Salaam. Juni 2022 mkataba ulikuwa unakwisha, nasi tulikuwa tumejikusanyia 1,800,000 za kumlipa. Kule Chanika pagale letu lilikuwa na bati juu ya vyumba viwili. Dari hamna, lipu hamna, umeme hamna. Mama yangu, ambaye wakati huo alikuwa anaishi nasi, alisema wazi kwamba mwanawe aliyesoma hadi chuo kikuu hawezi kulala kwenye pagale wakati majirani wanamwona. Sikumlaumu. Kwa watu wa umri wake nyumba ndiyo cheti.

Mke wangu, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, aliniuliza: “Baba Neema, tukiilipa kodi hii, baada ya miezi sita tutakuwa na nini ambacho leo hatuna?” Nikamjibu kwamba tutakuwa na deni la mtaani la laki sita lile lile, na tutakuwa tumemtolea yule bwana laki saba na elfu ishirini nyingine. Hakusema neno. Alichukua kalamu.

Hesabu yake ilikuwa hivi. Kumlipa yule bwana mtaji wake na riba ya mwezi ule, 720,000, na kadi irudi nyumbani. Zinabaki 1,080,000. Kirikuu safari mbili, 140,000. Milango miwili na fremu zake, 320,000. Nyavu na plastiki za madirisha, 90,000. Kumalizia choo na kufunika shimo, 270,000. Mapipa mawili ya maji, 80,000. Mtoto wetu wa mwisho ana pumu, na vumbi la matofali yasiyopigwa lipu halimfai, kwa hiyo chumba cha watoto kilipigwa lipu kabla hatujahamisha hata kijiko: 150,000. Zikabaki 30,000.

Kisha akaandika upande wa pili, ambao wanaume wengi tunausahau. Nauli yake na yangu, daladala na bodaboda ya alfajiri, iliongezeka shilingi 1,600 kwa siku kwa kila mmoja. Kwa siku 22 za kazi hiyo ni 70,400 kwa sisi wawili. Maji ya kununua, kama 40,000. Kwa hiyo kuhama hakukutuokolea 300,000 za kodi kama nilivyokuwa nikijisifia. Kulituokolea 190,000 hivi. Ukiongeza na zile 120,000 za riba, kila mwezi tulipata nafasi ya 310,000. Lakini kuna gharama ambayo haikuingia kwenye karatasi: kutoka nyumbani saa kumi na nusu alfajiri na kurudi saa mbili usiku. Mwenzangu alikataa kuhama hadi tulipompata kijana wa bodaboda, mtoto wa jirani, anayejulikana kwa wazazi wake, wa kumfikisha kituoni gizani. Alikuwa na haki. Nyumba inayoweka mke wako barabarani alfajiri na mtu usiyemjua si nafuu hata ikiwa ya bure.

Sisemi kwamba kila mwenye deni ahame. Mwenzangu mmoja wa kazini alihama kutoka nyumba ya kodi kubwa kwenda nyumba nyingine ya kupanga, mbali zaidi, kodi pungufu kwa 100,000. Akalipa miezi sita mbele, akampa dalali kodi ya mwezi mmoja, akawatafutia watoto gari la shule. Mkewe alikuwa na genge lililokuwa likiingiza fedha ya mboga na sabuni kila siku. Wateja wa genge hawahami na mwenye genge. Katika mwaka wa kwanza nyumba ile ya bei ndogo iliwagharimu zaidi ya ile ya kwanza. Angekaa pale pale, akapangisha chumba kimoja kwa mwanafunzi wa chuo, huenda angepumua. Sisi tulikuwa na pagale letu, hatukuwa na genge, na kazi zetu wote wawili zilikuwa za mshahara. Hali hizo ndizo zilizoamua.

Jambo jingine ni jamaa. Tulipohama niliwapigia simu ndugu na marafiki, nikawaambia kwamba kwa mwaka mmoja sitachangia harusi wala kitchen party ya mtu yeyote. Msiba nitakuja, na nitashika jembe. Kuna walionuna, na mmoja wao yupo humu ukumbini. Naona anacheka, kwa hiyo nadhani yamekwisha.

Tulikaa miezi minane bila umeme. Kuunganishiwa mjini wakati huo kuligharimu shilingi 320,960, na tungeweza kulipa mapema zaidi, lakini tulitanguliza SACCOS. Kwa kanuni yangu ya bei deni hilo lingesubiri, kwa kuwa riba yake ni ndogo. Ila wale wadhamini wangu wawili akiba zao zilikuwa zimeshikiliwa kwa ajili yangu, na mmoja alikuwa na mtoto wa kupeleka chuo. Miezi minne, deni likaisha. Ndipo tukaweka madirisha, ndipo taa. Mkopo wa benki unakwisha mwaka 2027, na simu za afisa mikopo napokea, namsalimu, naagana naye. Mama amepata chumba chake chenye dari. Bado anakiita kile cha kwanza “pagale la mwanangu”, mbele ya wageni.

Ndugu Mwenyekiti, sasa niombe jambo moja kwa mkutano huu. Lile deni la laki sita nililichukua mtaani kwa sababu usiku ule sikuwa na pengine pa kwenda, na katika simu yangu yalikuwemo majina ya watu zaidi ya mia niliosoma nao hapa. Wakitokea 60 kati yetu wakaweka 10,000 kila mwezi, hiyo ni 600,000 kwa mwezi, kiasi kile kile. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inataka vikundi vya namna hiyo visajiliwe, na usajili wa vikundi vya kijamii unapitia halmashauri. Tutahitaji katiba, orodha ya wanachama na viongozi. Rasimu ya katiba nimeiandika, kurasa nne, na nimeweka ndani yake kwamba mkopo wa kwanza wa kila mwezi uwe wa ugonjwa, utolewe ndani ya saa 24, na riba isizidi asilimia 1 kwa mwezi. Kifungu cha wadhamini nimekiacha wazi, kwa sababu hapo ndipo nadhani tutabishana. Nakala ziko kwa Katibu. Naomba tuanze na kifungu hicho.