Daftari Linalojaa

Somo la leo ni daftari la kompyuta.

Kompyuta inayotunza kurasa za intaneti huandika saa ya kila mtu anayefungua ukurasa. Diski ikijaa, kama ghala la mahindi, kazi yaweza kusimama. Kwa hiyo iko programu iitwayo logrotate. Hufungua daftari jipya. La zamani hulibana lichukue nafasi ndogo, bila kupotea herufi hata moja. Mwisho hulifuta.

Mara nyingi hupangwa hivi: daftari jipya kila juma, na 4 ya nyuma kutunzwa. Lakini angalieni! Mwizi aliyeingia miezi miwili iliyopita, nyayo zake zimekwisha futwa. Basi, pangeni muda kwanza, ndipo mfute.

Kwaherini.