Ufundishaji wa Gitaa la Solo Thika na Ruiru: Tatizo la Umbo Moja la Vidole



Mada niliyopewa ni pana: skeli, apejio na mbinu za juu za solo katika mitindo mbalimbali. Maana zake mnazijua. Skeli ni noti zilizopangwa kwa ngazi. Kodi ni noti zinazolia pamoja. Apejio ni kodi hiyo hiyo ikipigwa noti moja moja. Kuvuta waya na kuteleza tutaviona kwa vitendo alasiri. Muda uliobaki naomba niutumie kwa jambo moja.

Vijana wetu hujifunza pentatoniki ya maina kwenye video za simu. Ni umbo moja la vidole, freti ya tatu kwa ufunguo wa G, nao hulikimbiza kila mahali. Kwenye roki na bluzi linafaa. Kwenye benga huingiza B flati juu ya kodi yenye B, na sikio la msikilizaji wa Gatanga halisamehe hilo. Ukimhamishia kijana kwenye pentatoniki ya meja, mgongano unaisha, ila sasa anakosa C na F shapu: kodi ya C inapita bila mzizi wake, na ya D bila noti inayoifanya meja. Kasi anayo, pa kutua hana.

Benga hudai pa kutua. Tangu enzi za D. O. Misiani na bendi yake ya Shirati Jazz, gitaa la solo humjibu mwimbaji. Wakongo nao hujenga sebene, sehemu ya wimbo inayoachiwa magitaa, kwa vipande vifupi vya kodi vinavyorudiwa. Mugithi ndio mgumu zaidi: mtu mmoja na gitaa lake, pengine na ngoma za kinanda. Rizimu hana, besi hana. Asipoitaja kodi yeye, nani ataitaja? Kijana wa Thika anaziimba nyimbo za marehemu John De'Mathew neno kwa neno, lakini majibu ya gitaa yanamshinda.

Sisemi mtaala una makosa, na haya ni maoni yangu binafsi. Ila kumpima mwanafunzi kwa skeli za kupanda na kushuka tu kunamzoesha kukimbiza vidole bila kutua kwenye kodi. Jambo hili tumelisema katika vikao vingi. Kumbukumbu zikaandikwa, zikawekwa kabatini.

Napendekeza apejio za G, C na D zifundishwe kabla ya skeli nzima, katika sehemu tatu za shingo ya gitaa. Mwanafunzi apige solo bila rizimu, wenzake watambue kodi inapobadilika. Aimbe anachopiga. Video zisikatazwe, bali kila kipande kipimwe juu ya kodi zake. Wapiga mugithi wa Thika Road waalikwe madarasani, na walipwe, nasisitiza, walipwe. Vikundi vya sifa makanisani Ruiru vihusishwe. Mitihani ipime kutua kwenye kodi. Apejio, narudia, zitangulie skeli. Na fedha zikitosha kitu kimoja tu, zinunue nyuzi, kwa sababu baadhi ya magitaa ya wanafunzi yamebaki na nyuzi nne.